Tindikali ya Saratani na Magadi ya Jikoni

Ipo habari moja kuhusu ugonjwa wa saratani ambayo haichoki kutembea. Ukiikosa kwenye simu yako ya mkononi utaisikia saluni, na usipoisikia saluni ataileta jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Habari yenyewe inasema kwamba saratani haiwezi kuishi mahali penye alikali, kwamba mtaalamu mmoja wa Kijerumani aligundua jambo hilo zamani akapewa Tuzo ya Nobel, na kwamba wakubwa wa makampuni ya dawa wameificha siri hiyo ili biashara yao isife. Mwisho wa habari huwa ni maagizo: kunywa magadi soda na limau kila asubuhi, au nunua maji ya alikali yanayouzwa kwa bei ya kuruka, nayo saratani itakwisha yenyewe.

Nimechagua kuizungumza juma hili kwa sababu si uongo mtupu. Ingekuwa uongo mtupu tungeimaliza kwa dakika moja tukaenda kulala. Ndani yake mna kipande cha elimu ya kweli, tena elimu inayowashughulisha wataalamu katika maabara kubwa hadi leo. Ila kipande hicho kimegeuzwa kichwa chini miguu juu, na mgonjwa anayekifuata kama kilivyogeuzwa anaweza kupoteza miezi ambayo hakuna wa kumrudishia. Madaktari wetu wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wamekuwa wakieleza miaka nenda miaka rudi kwamba wagonjwa wengi huwafikia wakati ugonjwa umeshasambaa.

Tuanze na huyo Mjerumani. Alikuwepo kweli. Jina lake ni Otto Warburg, alizaliwa mwaka 1883, akafanya kazi Berlin, na mwaka 1931 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba. Lakini hakupewa tuzo hiyo kwa kugundua dawa ya saratani, wala chanzo chake. Alipewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya kinachoziwezesha chembechembe hai za mwili, yaani seli, kutumia hewa ya oksijeni. Habari ya saratani ni kazi yake nyingine, aliyoianza katika miaka ya 1920.

Alichokiona ni hiki. Seli ya kawaida ikipata oksijeni ya kutosha huiunguza sukari mpaka mwisho, ikabaki hewa ya ukaa na maji, na nguvu inayopatikana ni nyingi. Oksijeni ikipungua, kama inavyotokea kwenye misuli ya mkimbiaji wa mita 400 anapoukaribia utepe, seli hukatisha njia. Huivunja sukari nusu nusu, na mabaki yake ni asidi ya laktiki. Ni asidi ile ile inayoyafanya maziwa kuganda yakawa mtindi, na inayoipa togwa uchachu wake. Nguvu inayopatikana kwa njia hiyo ni kidogo: vipimo viwili tu kwa kila molekuli ya sukari, badala ya thelathini hivi. Sasa Warburg alikuta kwamba seli za saratani huichachusha sukari kwa njia hiyo ya mkato hata pale oksijeni ilipo tele.

Yeye alidhani kwamba mtambo wa kupumulia wa seli umeharibika, na kwamba hapo ndipo saratani inapoanzia. Hakuliacha wazo hilo mpaka alipofariki mwaka 1970. Utafiti wa baadaye ulionyesha vingine: katika seli nyingi za saratani mtambo huo unafanya kazi, na chanzo cha ugonjwa kimo katika mabadiliko ya chembe za urithi. Uchachushaji ni mojawapo ya matokeo. Seli inayozaliana kwa kasi haitafuti nguvu peke yake; inatafuta pia matofali ya kujengea seli nyingine, na sukari iliyokatizwa njiani inayatoa matofali hayo. Hata hivyo alichokiona Warburg kilikuwa kweli, na leo hospitali zenye mashine ya PET huutumia ulafi huo wa sukari kuitafuta saratani ilikojificha mwilini.

Swali linalotuhusu ni hili: uchachu wote huo unakwenda wapi?

Hapa hatuna budi kusema kidogo juu ya kipimo kinachoitwa pH. Kilibuniwa mwaka 1909 na Mdenmark aliyeitwa Sørensen, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg mjini Copenhagen, kwa hiyo wanywaji wa bia nao wana la kujivunia katika sayansi. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni tindikali na juu ya hapo ni alikali. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila hatua moja katika kipimo hicho ina maana ya mara kumi. Maji ya limau ni kama 2. Damu yetu ni kati ya 7.35 na 7.45, na mwili hauruhusu itoke hapo. Ikishuka au kupanda kwa nusu hatua tu mtu yuko hatarini.

Ndani ya seli ya kawaida kipimo ni kama 7.2, na nje yake, katika majimaji yanayoizunguka, ni 7.4. Kwa hiyo ndani pana tindikali kidogo zaidi kuliko nje. Katika saratani mambo yamepinduka. Ndani ya seli kipimo ni 7.4 au hata zaidi kidogo, na nje kimeshuka mpaka kati ya 6.5 na 6.9. Tofauti hiyo unaweza kuiona ndogo, lakini kumbuka zile mara kumi: kushuka kutoka 7.4 hadi 6.8 ni kuongeza tindikali karibu mara nne.

Naomba msikilizaji wangu ulitafakari jambo hilo kwa makini. Tunaambiwa saratani haiwezi kuishi penye alikali, kumbe seli ya saratani yenyewe, ndani yake, ina alikali kuliko seli nzima ya jirani. Ile tindikali iko uani kwake, na ni yeye aliyeimwaga.

Inavyoimwaga ndipo penyewe. Seli inayochachusha sukari usiku na mchana ingekufa kwa uchachu wake kama isingekuwa na njia ya kuutoa. Kwa hiyo hujiwekea pampu. Fikiria nyumba ya Jangwani wakati wa masika, ambapo mwenye nyumba amefunga pampu dirishani, anayatoa maji sebuleni na kuyamwaga uani kwa jirani. Yeye anakaa pakavu, jirani ndiye anayeogelea. Pampu moja huitwa NHE1. Huingiza chembe ya sodiamu na kutoa chembe ya hidrojeni, na hidrojeni hiyo ndiyo tindikali. Nyingine ni jamii ya MCT, ambazo hubeba asidi ya laktiki na kuivusha ukuta wa seli. Ya tatu si pampu hasa bali ni kimeng'enya kilichobandikwa upande wa nje wa ukuta, kiitwacho kaboniki anhidresi ya tisa. Hiki hugeuza hewa ya ukaa ikawa bikaboneti na tindikali. Bikaboneti ikarudishwa ndani kuilinda seli, tindikali ikabaki nje. Zipo na nyingine, lakini hizi tatu zinatutosha kwa leo.

Na huko uani kwa jirani kunatokea nini? Seli za kawaida hazikuzoea kuishi katika tindikali, hivyo hudhoofika na nyingine hufa. Nyuzi zinazoshikilia nyama za mwili huanza kuliwa na vimeng'enya vinavyochangamkia tindikali, na saratani ikapata njia ya kupenya na kusafiri. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu zinazotakiwa kuishambulia, zikifika hapo hulegea. Hata dawa huzuiwa mlangoni. Wagonjwa wengi wanaijua dawa nyekundu inayoingizwa kwa dripu, doksorubisini. Hiyo kwa asili ina alikali hafifu. Ikikutana na tindikali nje ya seli hupata chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakipiti kwa urahisi katika ukuta wa seli, ambao ni wa mafuta. Basi sehemu ya dawa hubaki nje ikizubaa, wakati adui yuko ndani.

Ndiyo maana wataalamu wanaihangaikia tindikali hiyo. Hoja yao inaeleweka: ukizima pampu, seli ya saratani itafurikwa na maji yake yenyewe.

Lakini kabla ya kufika kwenye pampu, turudi kwa muuza maji ya alikali, maana najua yupo anayenisikiliza.

Maji yake yakimezwa hufikia kwanza tumboni, ambako kipimo ni kati ya 1 na 3. Huko alikali ya chupa moja humezwa na tindikali ya tumbo kama chumvi kidogo katika bahari. Tuseme basi imepita. Mapafu na figo ndio walinzi wa damu. Alikali ikizidi kidogo, figo huitoa kwenye mkojo; tindikali ikizidi, mapafu hutoa hewa ya ukaa kwa wingi zaidi na figo nazo hufanya kazi yake. Hapo ndipo wauzaji wanapompata mteja, kwa sababu humpa vikaratasi vya kupimia mkojo. Mteja anakunywa maji siku tatu, anapima, karatasi inabadilika rangi, anafurahi kwamba mwili wake umekuwa wa alikali. Kumbe alichokipima ni kile ambacho mwili umekikataa na kukitupa. Damu yake iko pale pale 7.4 ilipokuwa jana na juzi, na shukuru Mungu iko hapo.

Nyama na sukari pia husingiziwa kuleta tindikali hiyo. Ziko sababu nyingi nzuri za kupunguza sukari, ila hii si mojawapo. Tindikali iliyozunguka uvimbe haikutoka kwenye sahani, bali imetengenezwa papo hapo na uvimbe wenyewe.

Mtu mwenye kusoma atanikatiza na kusema: mbona panya walipona kwa magadi? Jaribio hilo lipo, na si vema kulificha. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, wakiwemo Robert Gillies na Robert Gatenby, walitoa matokeo ya panya waliopandikizwa saratani ya matiti na kupewa bikaboneti katika maji yao ya kunywa. Uvimbe wa kwanza haukusinyaa. Lakini ugonjwa ulisambaa kwa uchache zaidi kuliko kwa panya waliokunywa maji matupu, na kipimo cha nje ya seli za uvimbe kilipanda. Damu yenyewe haikubadilika sana. Kilichoongezeka ni akiba ya kitu cha kumezea tindikali, na akiba hiyo ikafika hadi kwenye uvimbe. Mwaka 2016 watafiti wa kituo cha Moffitt, huko Florida, walionyesha pia kwamba kwa panya bikaboneti huzisaidia dawa za kuamsha kinga ya mwili.

Kwa hiyo panya hawakupona. Walisambaziwa ugonjwa kidogo. Na dozi yao haikuwa kijiko cha chai asubuhi. Walikunywa hayo mfululizo, na hawakuwa na maji mengine. Yalipofanyika majaribio kwa binadamu, wagonjwa walishindwa. Ladha iliwachefua, matumbo yakasumbuka, na majaribio yakafungwa bila kutoa jibu la ndiyo wala hapana. Bikaboneti kwa kiasi kikubwa ni mzigo wa sodiamu kwa mwenye shinikizo la damu, na hushusha potasiamu mpaka moyo ukapoteza mapigo yake ya kawaida. Isitoshe, hiyo ni bikaboneti safi ya maabara. Magadi ya mawe tunayotilia maharage yana mchanganyiko mkali zaidi, na mtu asije akayafanya dawa ya kunywa.

Wapo waliokwisha kulipia. Huko Italia daktari mmoja, Tullio Simoncini, alieneza kwamba saratani ni ukungu na kwamba bikaboneti inauua. Alifutwa katika daftari la madaktari, na mahakama za nchi hiyo zikamtia hatiani kwa kifo cha mgonjwa. Huko California alikuwepo Robert Young, mwandishi wa vitabu vilivyouzwa sana juu ya kuufanya mwili uwe wa alikali. Mwaka 2016 alipatikana na hatia ya kufanya kazi ya udaktari bila leseni. Mwaka 2018 baraza la mahakama mjini San Diego liliamua amlipe mwanamke mmoja dola milioni 105. Mwanamke huyo alikuwa na saratani ya matiti, akaacha tiba ya hospitali kwa kufuata ushauri wake, na ugonjwa ukafika hatua ya mwisho. Sijui kama fedha za namna hiyo hulipwa kweli mpaka senti ya mwisho, lakini hata zikilipwa haziwezi kuyarudisha matiti wala mifupa.

Je, hizo pampu? Ni kazi ngumu kuliko ilivyotazamiwa, kwa sababu pampu nyingi tunazo sote, katika seli zetu zote. Dawa ya kuzima NHE1, iitwayo kariporidi, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 5,700 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Ilipunguza madhara ya moyo kama ilivyokusudiwa, lakini vifo viliongezeka, hasa kutokana na kiharusi. Tangu hapo watu wa saratani nao waliiogopa. Dawa nyingine, AZD3965, huzima pampu moja ya jamii ya MCT. Ilijaribiwa Uingereza, matokeo yakatoka mwaka 2023. Wataalamu walilazimika kuyaangalia sana macho ya wagonjwa, maana pampu hiyo hiyo inatumika katika jicho.

Ndiyo maana macho ya wengi yako kwenye kile kimeng'enya cha tisa. Kiligunduliwa na watafiti wa Bratislava, huko Slovakia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sifa yake kubwa ni kwamba katika mwili mzima hakipatikani kwa wingi isipokuwa kwenye utando wa tumbo na utumbo. Katika saratani, pale penye uhaba wa oksijeni, kimejaa tele. Na katika aina kuu ya saratani ya figo kipo karibu kwa wagonjwa wote. Dawa ya kukizima, SLC-0111, ilipita hatua ya kwanza ya majaribio, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wagonjwa walikuwa 17 tu, na kilichotafutwa ni usalama wake, si uponyaji. Kingamwili cha kukishika, girentuksimabu, kilipewa wagonjwa wa figo baada ya upasuaji ili ugonjwa usirudi, nacho hakikusaidia. Hayo yalitangazwa mwaka 2017 baada ya jaribio la watu 864. Lakini kingamwili hicho hicho, kikifungiwa chembe ya mionzi, kimeweza kuonyesha kwenye picha ni uvimbe upi wa figo ni wa aina hiyo kuu ya saratani na upi si wa aina hiyo, na kilipatia kwa zaidi ya asilimia 80. Matokeo hayo ni ya mwaka 2024.

Wengine wameacha kupigana na tindikali, wakaamua kuitumia. Watafiti wa Dallas walitengeneza vipunje vidogo mno vyenye rangi inayong'aa, ambavyo hubaki vimefungwa katika damu lakini hufumuka kipimo kinaposhuka chini ya 6.9. Vikifika kwenye uvimbe, vinafumuka na kung'aa. Vilijaribiwa Groningen, Uholanzi, kwa wagonjwa 30, na mwaka 2020 ikaelezwa kwamba daktari wa upasuaji anaweza kuona ukingo wa saratani uliobaki baada ya kukata, ukingo ambao kwa macho matupu asingeuona. Kwa maoni yangu hapa ndipo elimu ya Warburg inapoweza kumfaa mgonjwa mapema zaidi, kuliko kwenye hizo dawa za kuzima pampu.

Limebaki jambo moja la kuwaambia wanaouguza nyumbani. Msikilizaji anaweza kumwona muuguzi wodini akitundika chupa ya bikaboneti kwa mgonjwa wa saratani, akasema, si mnaona, hata wao wanaitumia. Ni kweli wanaitumia. Mgonjwa anayepewa dozi kubwa ya methotreksati hupewa bikaboneti ili mkojo uwe wa alikali na dawa isigande katika figo. Inalinda figo, haiponyi saratani, na hupimwa kwa damu na mkojo kila mara.

Kinyume chake, baadhi ya vidonge vya saratani, kama dasatinibu na erlotinibu, huhitaji tindikali ya tumbo ili viyeyuke na kuingia katika damu. Mgonjwa anayevimeza huku akinywa magadi, au hata vidonge vya kiungulia kama omeprazoli, anaweza kuwa anaipitisha dawa tumboni bila kufaidika nayo, na daktari atadhani dawa imeshindwa. Kwa hiyo siku ya kliniki chukueni kila kitu mgonjwa anachokunywa, cha hospitali, cha dukani na cha jirani, mkiweke kwenye mfuko mmoja, mkakimwage juu ya meza ya daktari akione.